Kwenda bichi na ukoo mzima na kurudi na kimfuko kimoja tu cha taka

Jana tulikuwa Mjimwema, Kigamboni, watu 14 na kati yao watoto 7, tumekula pilau, mihogo, matikiti, tumekunywa madafu na ukwaju mpaka basi, alafu jioni taka za kutupa kabisa zilikuwa kimfuko kimoja saizi ya mto wa mtoto. Zingine zote ama zina kazi nyumbani ama zina mtu wa kuzinunua. Na sio kwamba sisi wastaarabu sana jamani, mwaka juzi sisi sisi tulirudi na viroba vitatu vinachuruzika mchuzi kwenye buti la gari la shemeji, harufu ikakaa wiki nzima na shemeji mpaka leo akisikia neno bichi anauliza kwanza mnaenda na gari la nani. Kwahiyo naandika hatua kwa hatua tunavyofanya sikuizi, chukua inayokufaa.

Hatua ya 1. Uliza mwezi kwanza

Wengi tunapanga siku kwa kuangalia jumapili gani watu wote hawana shughuli, sawa, ila bahari nayo ina ratiba yake. Maji yanajaa na kupwa mara mbili kwa siku na kila siku yanachelewa kama dakika 50 kuliko jana yake, yani jumapili hii ukikuta yamejaa saa sita mchana, jumapili ijayo saa hiyohiyo utakuta yamepwa watu wanatembea kwenye mawe. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu inakuja bamvua, maji yanapanda sana na kushuka sana, katikati hapo ni maji mafu, hayaendi mbali.

Sasa utasema hii na taka vinahusiana nini. Vinahusiana bwana. Kuna siku tulitandika mkeka karibu kabisa na maji kwa sababu watoto walitaka hivo, ilikuwa bamvua na sisi hatujui, tumekula, wanaume wamelala, maji yakaja kama mtu anayenyata. Yakaondoka na ndala tatu, mfuniko wa hotpoti na mfuko wa takataka ambao mi mwenyewe niliufunga fundo mbili najisifu. Sa hapo umeokota au umetupa?

Kwahiyo ukifika tu, kabla ya kutandika, tafuta mstari wa mwani mkavu kwenye mchanga, pale ndo maji yalipoishia mara ya mwisho. Kaeni juu ya huo mstari, na kama bado siku mbili tatu mwezi upevuke pandeni juu zaidi maana kila siku yatapanda kuliko jana. Kama unaenda miezi ya kusi, Juni Julai Agosti hapo, jua kuna upepo, kila kitu chepesi kitaruka, beba kabisa mawe mawili ya kukandamizia au weka mchanga kidogo chini ya kila mfuko.

Hatua ya 2. Kazi yenyewe iko jikoni, jumamosi usiku

Hapa nitakaa sana maana taka nyingi za bichi tunaondoka nazo wenyewe kwenye kapu, zilizobaki tunazinunua njiani kwa ajili ya kiu.

Anza na maji. Sisi tulipiga hesabu, siku ya jua kali mtu mmoja anamaliza kama chupa 3 za nusu lita, mara watu 14 ni chupa 42, ndo lita 21 hizo. Dumu moja la lita 20 la maji ya kuchemsha na kachupa ka mkononi ka kuongezea, umemaliza, chupa 42 hazijazaliwa. Kulipoza ni rahisi, liweke kivulini, lizungushie taulo lililolowa, upepo wa bahari utafanya kazi. Na zile chupa za lita moja na nusu ambazo mnazo nyumbani tayari, jaza maji robo tatu ugandishe, usijaze mpaka mdomoni maana maji yakiganda yanapanuka, zitapasuka. Hizo ndo barafu yako ya kwenye kontena la vyakula, zikiyeyuka mnakunywa.

Vikombe kila mtu na chake, na kiwe na alama. Sisi tunapaka rangi ya kucha chini ya kikombe, kila mtu doa la rangi yake, kwa sababu watoto wakisahau kikombe ni kipi wanachukua kingine na kingine, mchana kila kikombe kina mchanga.

Juisi za paketi acha nyumbani kama unaweza. Ile paketi ni karatasi, plastiki na alumini vimegandishwa tabaka kwa tabaka, hamna mtu mtaani atakayekununulia. Vilevile pakti za kripsi na biskuti, zile zinazong'aa ndani. Tunakamua ukwaju tunaweka kwenye dumu la lita 5, kripsi tunazimwaga nyumbani kwenye chombo chenye mfuniko, pakti inabaki nyumbani. Ndio najua imebaki taka vilevile, ila haijaenda kuelea baharini, na ukinunua pakti moja kubwa badala ya kumi ndogo umepunguza kweli.

Pilau kwenye hotpoti. Tishu weka chache, badala yake ndoo ndogo ya maji na sabuni ya kunawa. Sahani za nyumbani, za melamini au za bati, na hapa ndo kwenye ugomvi wa familia kwa hiyo mmalize kabla ya safari. Mi nilimpigia shangazi jumamosi.

"Shikamoo shangazi."
"Marahaba mwanangu, nishanunua sahani zile za kutupa, dazeni tatu, usihangaike."
"Shangazi mi nabeba sahani za nyumbani."
"Na ataosha nani?"
"Nitaosha mimi."
"Wewe?"
"Mimi shangazi."
"Haya, basi zangu naziweka mpaka maulidi."

Unaona, swali lake lilikuwa moja tu, ataosha nani. Watu hawapendi taka, wanapenda kutoosha vyombo. Ukitaja mtu wa kuosha kabla ya kuondoka nusu ya vitu vya kutupa vinakosa sababu. Na kuosha kwenyewe sio kazi, mabaki yanakwanguliwa kwenye ndoo, sahani zinasuguliwa na mchanga mkavu mafuta yatoke, sabuni ni nyumbani jioni, usiende kumwaga povu baharini.

Kuhusu mifuko, ya plastiki ya kubebea ilishapigwa marufuku Tanzania bara tangu tarehe 1 Juni 2019, Kenya walishatangulia Agosti 2017 na Zanzibar walianza zamani zaidi, kwahiyo hilo tunajua. Kitu ambacho wengi hawajui ni kwamba ile mifuko mbadala laini kama kitambaa tunayopewa dukani, mingi yake ni plastiki vilevile, polipropilini, ndugu yake kiroba. Ukiutumia mara moja ukautupa hujaokoa kitu. Fua, anika, beba tena. Kapu la ukili linazidi yote, na mchanga unapita chini wenyewe.

Hatua ya 3. Beba vyombo vya taka kama unavyobeba sufuria

Vyetu ni hivi: salfeti moja ya chupa na makopo, ndoo yenye mfuniko ya mabaki ya chakula, dumu la lita 5 lililokatwa shingo kwa ajili ya vioo na vyenye ncha, na kimfuko kimoja cha visivyo na mnunuzi. Basi.

Kanuni iko moja, kikavu kisikutane na kibichi. Chupa ya maji tupu ni pesa ya mtu, ikikaa dakika tano kwenye mfuko mmoja na mchuzi wa samaki ni uchafu, hamna mnunuzi anataka kuifua. Boksi likilowa mafuta nalo kwisha habari yake.

Chini ya chupa na ndoo utaona pembetatu ya mishale yenye namba. Watu wanadhani ile maana yake kitu kitarejelezwa, hapana, ni jina la aina ya plastiki tu. 1 ni chupa za maji na soda, 2 ni madumu, chupa za shampuu na za sabuni, 5 ni vyombo vya mifuniko na ndoo nyingi. Hizo mtaani zina soko. 6 ni yale maboksi meupe ya povu ya kuwekea chips, hayo hayana soko, yanameguka vipande vidogo kama mchele na ukishaviachia kwenye mchanga huviokoti tena mpaka unakufa. Kwa chips bebeni chombo chenu, muuza chips hana shida, kwanza anafurahi haumalizii boksi lake.

Makopo, chukua kasumaku kadogo, hata ka kwenye friji. Kakishika ni chuma, kasiposhika ni alumini, na alumini ndo bei yake nzuri. Kuyeyusha alumini iliyotumika inakula nishati pungufu kwa kama asilimia 95 kuliko kuitengeneza mpya kutoka kwenye madini, ndo maana kopo la soda halikai chini, utaona mtu amelifuata kutoka mbali.

Alafu jambo moja kuhusu mapipa ya sehemu unayoenda. Kuna sehemu moja, siitaji, tulikuta mapipa matatu mazuri yana rangi na picha, watoto wakatenganisha kwa furaha kweli, jioni akaja jamaa na mkokoteni akamwaga yote matatu humohumo mbele ya macho yao. Mtoto wa dada akaniuliza, sa mama mkubwa tulikuwa tunacheza? Sikuwa na jibu. Tangu hapo chenye mnunuzi narudi nacho nyumbani, pipa la bichi naliachia kimfuko tu, na kama limejaa hata hicho narudi nacho, sikiweki pembeni ya pipa, maana pembeni ya pipa ni mali ya kunguru.

Na hawa kunguru mjue waliletwa. Kunguru hawa wa mjini walipelekwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890, ati wasaidie kula takataka. Sasa wamejaa pwani yote, wanapasua mifuko, wanakula mayai na makinda ya ndege wengine. Kwahiyo ile ya kusema hili ganda la tikiti litaoza niache tu hapa, unamwandalia karamu yeye.

Hatua ya 4. Mkiwa pale

Madafu, muombe muuzaji amimine kwenye kikombe chako au kunywa kwa mdomo, mrija hauna kazi. Ukimaliza mrudishie, wengi wanayakusanya wenyewe wakaanika makumbi wakapikia. Ukipenda kula nyama ya dafu, akupasulie hapohapo, akukatie kijiko cha ganda, kijiko hicho hata ukikiacha hakina ubaya ila usikiache.

Soda kama ipo ya chupa ya kioo kunywa hiyo. Chupa inarudi kwenye kreti, inaoshwa kiwandani, inajazwa tena. Huo ndo urejelezaji tuliokua nao, tulipokuwa wadogo ukitumwa soda bila kubeba chupa unarudishwa nyumbani. Kaeni hapohapo dukani mnywe mrudishe, au acheni pesa ya chupa na mmoja wenu awe na kazi ya kuhesabu.

Vijiti vya mishikaki kwenye dumu la vyenye ncha, usivichomeke mchangani, mguu wa mtoto utavipata. Pampasi, hamna namna, ni kimfuko, kunja kwa ndani, funga. Wavuta sigara wapewe kikopo chao chenye mfuniko, kile kichungi ndani sio pamba, ni plastiki.

Hatua ya 5. Nusu saa ya kuokota, isizidi

Fanyeni kabla ya kula mchana, baada ya kula hamna atakayenyanyuka. Maji yakiwa yanapwa ndo muda mzuri, fuateni ule mstari wa mwani, kila kitu kimejipanga pale. Mwani wenyewe uacheni, unashikilia mchanga na kuna wadudu wengi wanaishi humo. Makombe pia kabla hujaokota geuza uone, unaweza kukuta kakaa kadogo kamepanga humo ndani.

Watoto wavae glavu na wapewe sheria: hawagusi vioo, sindano wala pampasi, wakiona wanaita mkubwa. Tulijaribu kushindana kwa uzito, wakaanza kujaza mchanga kwenye chupa, kwahiyo sikuizi tunashindana kwa ajabu, nani kaokota kitu cha ajabu zaidi. Jana kilishinda kichwa cha mswaki.

Mtaokota vizibo vingi sana na kuna sababu. Vizibo vinatengenezwa kwa plastiki inayoelea, chupa yenyewe ya namba 1 inazama ikishaingia maji, kwahiyo chupa inabaki kule chini na kizibo kinakuja ufukweni peke yake. Ndo maana chupa yenu mkimaliza minyeni hewa itoke alafu fungeni kizibo palepale, visiachane. Kiwandani hawapati shida kuvitenganisha, wanasagia kwenye maji, kimoja kinaelea kingine kinazama.

Wavu ukiuona usikimbilie kuubeba. Ukiwa umefukiwa usiuvute, utakukata au utaumiza mgongo, na wakati mwingine sio taka, mwenyewe ameuanika. Uliza kwanza. Mimi nilishakimbizwa na mzee mmoja mvuvi, nikaomba radhi, tukaishia kununua samaki kwake.

Na msije mkawalaani waliokaa hapo jana kwa kila kitu mnachookota. Masika ikianza, mitaro na mito ya mjini inabeba kila kilichotupwa mtaani mpaka baharini, Msimbazi unamwaga pale Salenda, alafu mkondo na upepo vinagawa. Ndala utazikuta kila mara na kila mara moja moja, sijui mwenzake huwa anaenda wapi. Kule Lamu waliamua kuzitumia, wakajenga jahazi kwa plastiki zilizookotwa, kama tani 10, wakalivisha vipande vya ndala kama 30,000, linaitwa Flipflopi, na mwaka 2019 likasafiri kutoka Lamu mpaka Zanzibar. Mimi sina mpango wa kujenga jahazi, ila nikiona ndala siku hizi siichukii sana.

Hatua ya 6. Mkaa

Kama mmechoma kitu, mwagieni maji ya bahari mpaka uache kufuka, subirini, mwagieni tena, alafu ukusanyeni mrudi nao, ukikauka mnautumia tena. Kuufukia mchangani ni kosa baya, mchanga unatunza joto na mtoto wa mwenzio atapita hapo peku. Na msichome plastiki humo ati kupunguza mzigo.

Hatua ya 7. Kurudi

Salfeti itingisheni mchanga utoke, chupa zenye mchanga mnunuzi anazikataa na ana haki, anaona mnamuuzia Kigamboni kwa kilo. Ndoo ya mabaki mfuniko ukazwe, ikae miguuni mwa mtu mzima sio kwenye buti, shemeji anasoma hapa. Sisi na mizigo yote hiyo tunapitia darajani Kurasini, mkienda na pantoni fungeni kila kitu kabla ya kupanga foleni, kile kiupepo cha katikati kinachukua.

Hatua ya 8. Jumatatu

Maganda yanaenda kwenye shimo la mboji nyuma ya nyumba, yafunike na majani makavu au taka za mbao ili inzi wasijae. Mabaki ya pilau kwa kuku wa jirani siku hiyohiyo. Dumu la vioo funga, andika VIOO kwa maka pen, mkabidhi mzoa taka mkononi na umwambie, yule anashika mifuko kwa mikono mitupu.

Chupa suuza kwa maji uliyofulia, anika. Mimi nina mama mmoja anapita mtaani kwetu na mizani, nilianza kumwekea miaka kadhaa sasa. Msiwaite majina ya ajabu hawa watu jamani, ni kaka, ni mama, msalimie, mpe maji. Chupa tupu ya nusu lita ina gramu 10 mpaka 20 hivi, kwahiyo kupata kilo moja tu anahitaji chupa 50 mpaka 100, na anaziokota moja moja kwenye mitaro. Ukimpa salfeti la chupa kavu zilizominywa umempunguzia asubuhi nzima. Nyeupe zisizo na rangi ziweke peke yake, ndo zinapendwa. Kama anakulipa sawa, mi yangu namwachia ila yeye huwa anakataa kuchukua bure, ananiachia mchicha.

Zinazobaki nyumbani ni zile zenye kazi. Dumu la lita 5 ukilikata kwa mshazari unapata upo wa kukombea maji kwenye ngalawa au chombo cha kuchotea unga wa kuku, chupa ya lita moja na nusu ukiikata juu una funeli, chini una kopo la mche, toboa matundu. Usitumie dumu ambalo hujui lilibeba nini, hasa yale uliyookota ufukweni, hayo yauze tu.

Alafu osha salfeti, anika, kunja, weka ndani ya ndoo pamoja na glavu na kasumaku, na mfuniko juu. Usipofanya jumatatu, siku ya safari utakuta salfeti mtu ameshawekea mkaa.